Chepngetich Aliyezaliwa Usiku

3 Machi

Mvua bado. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Leo nimeamua: mvua ikianza, mpaka siku itakayokatika, nitakuwa nimeandika kitabu kimoja kikafika mwisho. Naandika hapa ili nikishindwa nisipate pa kuficha uso.

Chini ya kitanda kuna sanduku la bati lenye vitabu vyangu vinne. Nasema vitabu, lakini ni maiti. Kila kimoja kilianza kwa mbwembwe na kufia sura ya saba. Katika kile cha mwisho kuna mwanamke niliyemwacha amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Huu ni mwaka wa pili, bado amesimama. Pole yake, shingo itakuwa imeisha.

4 Machi

Nilimpigia Kipkemoi simu kumwambia. Mume wangu anachomelea mageti huko Litein na huja nyumbani Jumamosi. Akauliza, "Kitabu ya nini tena?" Nikasema ya hadithi. Akasema, "Sawa. Lakini Mama asijue."

Mama yake alikuwa nyuma yangu na mkebe wa maziwa. Watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye gambuti. "Kalamu haichumi chai," akasema, akaenda zake.

9 Machi, Jumapili

Baada ya ibada Kogo alinitambulisha kwa mgeni kutoka Kaplong. "Huyu ni bibi ya Kipkemoi. Ni Mjaluo, lakini anachuma vizuri. Shida yake tu ni kuandika-andika." Alisema vile mtu husifu ng'ombe mwenye maziwa mengi halafu akuonye kwamba anapiga teke. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

16 Machi

Imenyesha! Kimulot yote inanuka udongo. Watoto walicheza kwenye maji mpaka nikawafukuza na mwiko.

17 Machi

Nimepata saa yangu. Asubuhi, watoto wakishaenda shule, Kogo hufungua boma na kuwapeleka ng'ombe malishoni. Kutoka hapo mpaka arudi kuchukua kikapu chake, hakuna mtu wa kuniuliza chochote. Nimefungua daftari jipya. Sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe, nikaipenda vibaya sana.

21 Machi

Nimeandika. Mvua.

28 Machi

Leo nitaandika yote, maana nina hasira na nisipoimwaga hapa nitaimwaga kwa mtu.

Chai imefumuka. Mvua ikishika hivi kila kichaka kinatoa majani kwa fujo, kiwanda kinazidiwa, na lori linafika likipenda. Tunachuma asubuhi, tunabeba magunia mpaka baying, kile kibanda cha mabati ambapo chai hupimwa, halafu tunakaa. Noah, karani wetu, hapimi mpaka aone lori. Majani nayo hayangoji mtu: yakikaa yameshindiliwa kwenye gunia yanapata joto, yanakuwa mekundu, na mekundu hayachukuliwi. Kwa hivyo tunayamwaga mezani, tunayageuza kwa mikono yapumue, na tunamtukana Arasa, dereva, ambaye hayuko pale kutusikia. Kiongozi wa matusi ni Kogo.

Leo matusi yaliisha kabla lori halijafika. Priscah, jirani yangu, ambaye hawezi kukaa kimya hata kwenye matanga, akasema, "Molly, si wewe huandika-andika? Tusomee basi. Hata kama ni ya uongo."

Daftari lilikuwa kwenye kikapu, ndani ya karatasi ya nailoni. Nikasimama karibu na mizani, nikasoma sentensi yangu ya kwanza, ile ninayoipenda:

"Chepngetich alizaliwa usiku wa manane, mvua ikipiga mabati, na hakuna mtu aliyemsikia akilia."

Sikufika ya pili.

"Ngoja, ngoja," Priscah akasema. "Usiku?"

"Usiku wa manane," nikasema.

Noah alikuwa ameshaanza kucheka. "Molly, Chepngetich ni wa asubuhi. Ni ng'ombe wakienda malisho. Wa usiku ni Chepkemoi. Hata mzee wako ni Kipkemoi, ulifikiri walimpatia hiyo jina kwa nini? Kwa sababu ni mweusi?"

Wote walikufa kwa kicheko. Mtu alipiga meza, majani yakaruka. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Kogo. Alishika nguzo ya kibanda, akafuta macho kwa leso, akasema kitu kwa Kikipsigis, wakaanza upya.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua! Nimeishi kwa hawa watu tangu niolewe, nimewazalia watoto wawili, na majina yao nilikuwepo yakitolewa. Hata sisi Wajaluo tuna desturi hiyo hiyo. Mimi ni Adoyo kwa sababu mama alinizaa kwenye palizi, jembe likiwa bado mkononi. Lakini nilipokaa kuandika niliona tu jina tamu na usiku mtamu, nikavibandika pamoja kama mlevi.

Lori lilifika. Nilikuwa wa kwanza kupimiwa na wa kwanza kuondoka.

29 Machi

Sitaki kuona kalamu.

30 Machi

Nimechuma.

31 Machi

Nimechuma. Mvua. Priscah aliniita "mama Chepkemoi" njiani. Sikumjibu.

2 Aprili

Sanduku la bati sasa lina vitabu vitano. Hiki hata sura ya saba hakikuiona. Hiki kilikufa kwenye sentensi ya kwanza, naona nimevunja rekodi yangu.

5 Aprili, Jumamosi

Kipkemoi amekuja. Alikuwa ameshasikia, maana watu wa Kimulot hawawezi kukaa na kicheko peke yao. Alikula ugali wake akimaliza kila tonge kabla ya kuongea.

"Si ubadilishe jina tu? Andika Chepkemoi. Imeisha."

Nikamwambia si rahisi hivyo. Akasema geti likikataa kufunga yeye hatupi geti, anatafuta bawaba. Nikamwambia aende alale na bawaba zake. Lakini alipolala nilitoa daftari, nikakata jina, nikaandika Chepkemoi. Msichana akanyamaza papo hapo. Nilimngojea aseme kitu, wapi! Ni kama nilikuwa nimeita mtoto wa mtu mwingine.

7 Aprili

Uji umeungua, na sijali.

Asubuhi Kogo alikuwa anatoa ng'ombe, akimfokea yule mweupe mwenye kichwa kigumu, nami nimesimama jikoni nikikoroga uji na kujionea huruma. Nikafikiri: hii ndiyo saa yenyewe. Hii ndiyo Chepngetich. Halafu likanijia swali: kama mtoto amezaliwa usiku, na kila mtu hapa anajua jina hufuata saa, basi ni nani aliyemwita wa asubuhi? Mtu hakosei kitu kama hicho. Mjaluo mwandishi anaweza kukosea. Nyanya wa Kikipsigis hawezi. Kwa hivyo nyanya alidanganya. Na kama alidanganya, alikuwa anaficha nini?

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Niliandika mpaka Kogo akarudi kutoka malishoni akasimama mlangoni na kunusa. "Unachoma nyumba?" akauliza. Nikasema ndiyo, Kogo, naichoma. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

8 Aprili

Nimerudi baying na daftari. Priscah aliponiona nikilitoa akawapigia wengine jicho. Nikasoma sentensi ileile bila kubadilisha hata neno, "Chepngetich alizaliwa usiku wa manane," na kicheko kikaanza kupanda. Sikungoja. Nikasoma ya pili juu ya kicheko chao:

"Jina alilopewa lilidanganya, na nyanya yake alijua."

Kicheko kilikatika. Nikaendelea. Nikasoma kuhusu msichana ambaye amechumbiwa, na siku ya koito imekaribia, ile siku ambayo wazee wa pande mbili hukaa kuzungumza posa na kuulizana koo, ili watu wa damu moja wasije wakaoana. Na kila akiulizwa ukoo wa mama yake, nyanya anabadilisha mazungumzo. Wanawake waliacha kugeuza majani. Noah aliweka kalamu sikioni akaisahau hapo.

Tulisikia lori likipanda mlima.

"Alaa!" Priscah akasema. "Saa hii ndiyo inakuja?"

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama ni yangu.

14 Aprili

Noah ana tabia moja mbaya, anabashiri. Leo kabla sijamaliza ukurasa alisema, "Najua. Yule tajiri wa Litein kwa hadithi ndiye baba ya Chepngetich." Na ilikuwa kweli! Nilikuwa nimeandika hivyo kabisa, kwenye ukurasa uliofuata. Nikafunga daftari, nikasema koo inauma.

15 Aprili

Nimechana kurasa zote za tajiri. Zilikuwa nyingi na ziliniuma. Lakini kama Noah alijua, ni kwa sababu nilichukua kilichokuwa karibu na mkono. Jani gumu la chini ndilo rahisi kulishika, na ndilo Noah hulikataa na kulitupa. Sasa sheria yangu ni hii: likija jambo la kwanza kichwani, naliacha lipite. La pili pia. La tatu nalikaribisha na kulipa kiti.

20 Aprili, Pasaka

Kuku. Mvua ya mawe mchana, chai ya upande wa mto imechanika.

25 Aprili

Noah amebashiri mara tatu, amekosa mara tatu. Anaanza kukasirika. Nalala vizuri.

30 Aprili

Nimegundua kitu. Kogo anasema hasikilizi. Akiwa baying ananipa mgongo na kuongea na ng'ombe wa watu barabarani. Lakini leo tukirudi, bila kunitazama, alisema, "Huyo msichana ni mjinga. Angeuliza mkunga." Nikasema, "Msichana gani, Kogo?" Akaongeza mwendo.

6 Mei

Sura ya saba.

7 Mei

Sura ya saba. Mvua.

8 Mei

Sura ya saba. Nimefua mapazia. Nimepanga vikombe. Nimeng'oa magugu ambayo hayakuwa yananisumbua.

9 Mei

Hakuna.

12 Mei

Leo nimefanya kitendo cha aibu. Sikuwa na la kusoma na watu walikuwa wananingoja, kwa hivyo asubuhi niliandika haraka haraka nyanya akiugua, na kufikia ukurasa wa pili nikawa nimemzika. Nikajiambia ni huzuni kubwa, watalia.

Hawakulia. Kisha Priscah akauliza, "Mbona umemuua?"

"Alikuwa mzee," nikasema.

"Mzee hafi tu hivyo, na siri yote iko kwa tumbo yake. Wewe umechoka. Sema umechoka, tutaelewa. Lakini usiue mtu wa wenyewe."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini alikuwa amesema ukweli mtupu. Zile maiti nne sandukuni sikuziua kwa kukosa hadithi. Nilichoka kwenye kona ileile kila mara, na kila mara nikaita uchovu wangu kwa jina lingine.

Jioni Kogo alipogawa maziwa, chupa yangu aliirudisha tupu.

13 Mei

Nimemfufua nyanya. Niliwaambia jana ilikuwa ndoto ya msichana. Noah akasema hata kwenye mkutano wa injili hawafufui haraka hivyo. Nikamwambia apime chai. Jioni chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

14 Mei

Bado sura ya saba. Lakini nimekaa nayo saa yangu yote bila kufua chochote. Nimepata sentensi mbili. Ni za kweli.

17 Mei

Sentensi nne. Kipkemoi ameniletea kibati alichokunja mwenyewe, cha kufunika daftari mvua isiliingie. Kina bawaba. Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikamwomba msamaha wa ile Jumamosi.

20 Mei

Siku mbaya.

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi chai ilikuwa imejaa hata huwezi kuona njia katikati ya mistari. Tulichuma kama wenye wazimu. Kila mtu alifika baying na magunia mawili, matatu. Priscah alikuwa na manne, yeye na dada yake walikuwa wameamka na ndege. Meza zikajaa. Waliochelewa wakamwaga yao kwenye maturubai chini, na waliochelewa zaidi wakaacha magunia yamefungwa.

Lori halikuja. Arasa alimpigia Noah simu: barabara imekatika, daraja la chini limechukuliwa na maji, trekta inatafutwa. Tukangoja. Nilisoma kidogo, lakini hakuna aliyekuwa na masikio, nami nikanyamaza. Tuligeuza majani, tukayapepea kwa vipande vya katoni. Mchana ukapita. Nilipotia mkono ndani ya gunia la Priscah nilihisi joto kama la mtoto mwenye homa.

Giza likianza kuingia Noah akapigiwa tena simu. Hakuhitaji kusema, uso wake ulitosha. Tukafungua magunia. Yalikuwa mekundu, yananuka kama matunda yaliyooza, na kila mtu alimwaga yake kwenye shimo nyuma ya kibanda, kazi ya siku nzima. Dada ya Priscah alilia waziwazi. Kogo hakumtukana Arasa. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko yote.

Nilisimama pale na kile kibati changu kwapani, nikaona haya ambayo sijawahi kuiona. Watu wamemwaga jasho lao shimoni, na mimi nimebeba hadithi za msichana ambaye hayupo. Nikaapa moyoni: kesho naacha. Nitachuma kama watu.

Tulipanda mlima pamoja, magunia matupu mabegani, matope yakivuta gambuti. Tukafika njia panda ya kwa Priscah. Pale akasimama. Nilifikiri anataka kuniaga.

"Sasa," akasema, "alienda kwa mkunga ama hakuenda?"

"Nani?"

"Chepngetich! Leo ulisoma nusu. Alienda?"

Nikasema, "Priscah, na chai yako yote vile imeenda?"

"Chai imeenda, ndiyo. Kwani na hadithi nayo imwagwe?" Alikuwa amekasirika kabisa. "Mimi nikifika kwa nyumba nitaangalia ukuta nifikirie gunia nne. Nipatie kitu ingine ya kufikiria."

Wengine walikuwa wamesimama pia. Mvua inatunyeshea, na wamesimama. Kwa hivyo niliwaambia, palepale njiani, bila daftari, kwa sababu sura hiyo ilikuwa haijaandikwa. Msichana alienda kwa mkunga. Mkunga akamwambia, "Mimi nimezalisha watoto wa Kimulot yote. Wewe sikukuzalisha." Nilisikia mtu akivuta pumzi. Ni mimi, nadhani. Sikuwa nimejua mpaka nilipolisema.

"Uuui," Priscah akasema. "Haya. Sasa nitalala." Akashika njia ya kwake.

21 Mei

Sura ya saba imeisha. Naandika tena ili nione: sura ya saba imeisha! Nimeanza ya nane.

26 Mei

Daraja limetengenezwa. Kogo siku hizi anatoa ng'ombe mapema. Nilimuuliza kwa nini, akasema nyasi ya asubuhi ni tamu. Miaka yote hii nyasi haikuwa tamu, imeanza Mei.

31 Mei

Sura ya kumi. Noah amekataa kubashiri. Anasema anachunguza.

5 Juni

Baridi. Imebaki siku ya koito yenyewe, wazee wamekaa, nyanya ameulizwa mbele ya watu. Najua anachokijua. Sijui atakavyokisema.

8 Juni, Jumapili

Jana nilijaribu kumpa nyanya hotuba ndefu yenye methali. Ilinuka kitabu. Leo jioni Kogo alikuwa anamwambia Kipkemoi kuhusu ndama aliyenunuliwa na jirani, kama kweli ni wake au alipotea kutoka kwa mtu. "Mimi sijui ya usiku," Kogo akasema. "Mimi nilimwona asubuhi kwa boma yake. Mimi nasema nilichoona."

Nilisimama nikaenda chumbani bila kumaliza chai yangu. Kipkemoi akamwambia mama yake, "Amepata." Anaanza kunijua.

10 Juni, saa yangu

Nimeandika neno la mwisho. Nikakaa. Nje ng'ombe mweupe alikuwa analia kwa ukaidi wake. Nilidhani nitaruka, nitapiga kelele, lakini nilikaa tu nikishika meza kwa mikono miwili. Kimeisha. Mimi Molly Adoyo, binti ya Oketch wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, Kericho, nimemaliza kitabu. Kisha nikapiga kelele, Kogo akaja mbio na fimbo.

12 Juni

Leo, leo, leo.

Baying ilijaa. Walikuja hata watu wa kituo cha pili, ambao chai yao haipimwi kwetu. Dada ya Priscah alikuja bila gunia kabisa. Niliwaambia ni sura ya mwisho na nikaomba Mungu lori lichelewe.

Nikasoma. Wazee wamekaa. Msichana amekaa kwenye kona, hajui kama ataolewa au atafukuzwa, maana asiye na ukoo unaojulikana nani atamchukua? Mzee wa upande wa pili anauliza: mama, huyu mtoto alizaliwa wapi, na saa ngapi? Nyanya anasimama. Anafungua kitambaa cha kichwa, anakifunga tena. Anasema, "Wazee, usiku ule mimi nilikuwa nimelala. Kama alilia, sikumsikia. Asubuhi niliamka nifungue boma..."

Honi! Lori la Arasa, ambalo tumelingoja tangu Machi, ambalo tumelilaani kwa lugha tatu, leo lilikuja mapema. Likasimama mbele ya kibanda, injini ikinguruma mpaka mabati yakatetemeka. Arasa akatoa kichwa dirishani. "Haya, haya, wapi magunia? Leo sitaki kelele, nimekuja kwa wakati!"

Hakuna aliyesimama.

Kisha mtu mmoja akasimama, na alikuwa Kogo. Roho yangu ilianguka. Kogo ndiye wa kwanza kwenye mstari karibu siku zote. Nilimwona akipita gunia lake, akaingia mvuani, akaenda mpaka kwenye mlango wa lori, akaupiga kwa kiganja.

"Zima gari," akasema.

"Nini, Mama?"

"Zima! Mtoto bado hajapewa jina."

Arasa alimtazama. Akatutazama sisi wote, hakuna hata mmoja aliyeshika gunia. Akazima. Kogo akarudi, akakaa mahali pake, na safari hii hakunipa mgongo. Akanielekeza kwa kidevu kwamba niendelee.

Nikasoma:

"Asubuhi niliamka nifungue boma ng'ombe watoke, nikamkuta kwenye geti, amefungwa kwa leso, macho wazi. Mama yake alikuwa ameenda na sijamwona mpaka leo. Nilingoja aje, hakuja, na mtoto alitaka maziwa. Wazee, mnaniuliza alizaliwa saa ngapi. Ya usiku mimi siyajui. Kwangu mimi alizaliwa ng'ombe wakitoka. Na ukoo wake ni wa boma lililomfungulia."

Nikafunga daftari.

Priscah alipiga vigelegele vile vya arusi, wengine wakamfuata, dada yake akanikumbatia mpaka gambuti zangu zikazama kwenye matope. Arasa alikuwa ameteremka. Alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, anamuuliza Noah mambo yalianzaje.

"Noah," nikamwita. "Si ulijua?"

Akatoa kalamu sikioni. "Hapana," akasema. "Hiyo sikujua." Na akaanza kupima.

Njiani Kogo alitembea nami bega kwa bega. Tulipofika kwetu akasimama.

"Huyo nyanya ni mimi?"

"Hapana, Kogo."

"Mdomo ni yangu."

"Mdomo ni wako," nikakubali. "Nibadilishe?"

"Ukibadilisha utaniona." Akafungua boma, akaingia.

15 Juni, Jumapili

Jua. Mvua imekatika. Leo mgeni mwingine alikuja kanisani, kutoka upande wa Sotik. Kogo alimshika mkono akamleta kwangu. "Huyu ni bibi ya Kipkemoi. Anaandika." Akafikiri kidogo. "Anachuma pia."

16 Juni

Kogo amechukua vikapu viwili, chake na changu, akasema nikae mezani mpaka aniite. Nimeanza kunakili kitabu kwa mwandiko safi ili nikitume kwa wachapishaji Nairobi. Nilipofika sentensi ya kwanza, ile waliyoicheka mpaka majani yakaruka, niliitazama sana. Nikainakili vilevile.

Kisha nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Nikatafuta ukurasa wa yule mwanamke aliyesimama mlangoni mwaka wa pili sasa, nikachukua kalamu, nikaandika: Akatua ndoo, akanyoosha shingo, akaingia ndani.